Salio Kwanza, Mzigo Baadaye
M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wafanyabiashara wengi walifundishwa kutuma na kupokea fedha, basi. Leo mteja asiyeonekana anaagiza dagaa Kariakoo kwa simu, ujumbe wa malipo unaingia, gunia linapakiwa kwenye basi la mkoani. Jioni muuzaji anagundua ujumbe ulitoka namba ya mtu binafsi. Salio halijaongezeka hata senti. Kwa mwenye mtaji wa magunia mawili, biashara imekufa.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, haukukomesha utapeli huo. Semina za hotelini nazo (chai na vitafunwa) hazimfikii muuza dagaa. Kampuni za simu, zinazokata ada kwa miamala, zimlipe wakala wa sokoni afundishe kuangalia salio kabla ya kutoa mzigo, na kuripoti namba ya tapeli kupitia 15040.