Mji Mkongwe usiwe ganda tupu

Mwananchi wa Mugeta, wilayani Bunda, hana haja ya kusafiri mbali ili aone jinsi taifa linavyoweza kuitunza nyumba yenye historia. Katika mkoa wake huo huo wa Mara, pale Mwitongo, Butiama, zimehifadhiwa nyumba alizoishi Mwalimu Nyerere, karibu na kaburi lake. Watu huenda pale, wakajifunza, wakatoa heshima zao, kisha wakarejea makwao. Hivyo ndivyo inavyostahili, kwani nyumba ya kiongozi mmoja huweza kuwa kumbukumbu ya taifa zima.

Mtaa mzima hauwezi kutunzwa kwa namna hiyo. Mtaa ambao watu huja kuutazama tu na kuondoka ni mtaa uliokwisha kufa, hata kama kuta zake zimepakwa chokaa jana. Tunalisema jambo hili kwa sababu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji huo iliundwa mwaka 1985, na mpango wa uhifadhi ukatolewa mwaka 1994. Jengo la zahanati ya zamani, linalotazamana na bandari, lilirudishiwa uzuri wake katika miaka hiyo ya 1990. Lakini Mji Mkongwe si majengo makubwa ya ufukweni peke yake. Ni Kiponda, Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo, ambako mama anapika, mtoto anakwenda chuoni na fundi cherehani anakaa barazani.

Nyumba za mitaa hiyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Paa likivuja, maji hupenya ukutani, boriti huoza kwenye ncha zake, na sakafu ya ghorofa huanza kulegea. Ukuta wa chokaa hupumua. Anayeuziba kwa saruji huufungia unyevu ndani, naye hudhani ameuponya kumbe ameuzidishia maradhi.

Uzembe katika kazi hii hugharimu roho za watu. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba mashuhuri kama lile limefikwa na hayo, je, nyumba ya uchochoroni isiyojulikana na mtu itakuwaje?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na familia za kipato kidogo zikapewa makazi humo. Nyingine ni mali ya wakfu, na nyingine za watu binafsi. Kwa miaka mingi kodi za nyumba za serikali na za wakfu zilikuwa ndogo mno, hazikutosha kutengeneza hata paa. Kisha, kuanzia miaka ya 1980, baadhi ya nyumba za serikali ziliuzwa, na utalii ulipokua nyumba nyingi zikageuzwa hoteli na maduka ya vinyago.

Wapo wanaodai kwamba mwenye fedha ndiye pekee awezaye kuokoa nyumba hizo. Hapana shaka mtalii huleta fedha, na paa lililotengenezwa na mwenye hoteli ni bora kuliko paa lililoanguka. Lakini mgeni analala siku tatu. Jirani ndiye anayeona ufa mpya ukutani na kupiga kelele. Tukimwondoa jirani tumeondoa mlinzi.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wote wanaohusika. Kodi inayokusanywa kutoka nyumba za umma na za wakfu irudi kwanza kwenye mapaa ya nyumba hizo hizo. Mpangaji anayehamishwa ili nyumba itengenezwe apewe ahadi ya maandishi kwamba atarudi, na kwa kodi anayoimudu. Ruhusa za kugeuza makazi kuwa hoteli ziwekewe mpaka katika kila mtaa. Na vijana wafundishwe kuchoma na kukoroga chokaa wakati mafundi wazee wangalipo.

Mambo haya hayahitaji miujiza, yanahitaji nia na usimamizi. Nyumba ya kale iliyokarabatiwa vizuri ni ile ambayo jioni taa yake huwashwa na mtu aliyezaliwa mtaani humo.