Mbwa Mkahawani: Tudai Haki Yetu, Tusidai Zaidi ya Haki



Kila baada ya muda kuna picha ya aina moja inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mbwa ameketi juu ya kiti cha mkahawa wa Nairobi, mguu wa mbele uko mezani, mwenyewe anamlisha keki kwa uma. Komenti ni zile zile. Mmoja anasema mkahawa ufungwe. Wa pili anasema tususie. Wa tatu anacheka: kwani hamna kazi? Vijana wetu wanapotezwa, vitambulisho hatupewi, na nyinyi mwahangaika na mbwa?

Msimamo wetu ni kuwa jambo hili si dogo kama anavyolicheka huyo wa tatu, wala si kubwa kama anavyolikuza huyo wa kwanza. Ndani yake kuna haki mbili. Moja ni yako wewe Muislamu kuishi dini yako bila kulazimishwa kinyume chake. Ya pili ni ya jirani yako asiyekuwa Muislamu kuishi maisha yake bila wewe kumpangia. Ukiishika ya kwanza ukaitupa ya pili, hujapigania haki. Umepigania upande wako tu.

Baa tuziweke kando. Wakikaribisha mbwa, paka au punda, ni shauri yao, kwa sababu Muislamu hana meza mle. Tunazungumzia mikahawa na hoteli za chakula, mahali unapompeleka mamako Idd pili, mahali mnapokutana na wenzako kufuturu.

TUJUE DINI YASEMA NINI KWANZA

Wengi wetu Pwani na Kaskazini Mashariki tumelelewa kwenye madhehebu ya Imam Shafi. Kwa Shafi, mbwa mzima ni najisi nzito. Mate yake yakiingia chomboni, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyothibiti katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira. Mahanafi wanasema najisi ni mate, si mwili. Mamaliki wao wanasema mbwa mzima ni twahara, na kuosha chombo mara saba ni ibada tuliyoamrishwa. Haya ni maneno ya maimamu wakubwa, kwa hivyo usimkufurishe ndugu yako wa Sudan kwa sababu hakuruka kando mbwa alipopita.

Hata kwa Shafi kuna jambo wengi hulisahau. Mbwa mkavu akikugusa nguo kavu, najisi haihami. Huhama kwa unyevu. Na kanuni ya fiqhi ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Ukikaa kwenye kiti ambacho hukuona mbwa amekikalia, kiti hicho ni twahara mpaka ujue vyengine. Usijitie wasiwasi ukaanza kunusa viti.

La mwisho, najisi si chuki. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia alichokamata mbwa wa kuwinda aliyefunzwa, Surat al-Maida aya ya 4. Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Surat al-Kahf. Na mnajua kisa cha mwanamke wa Bani Israil aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremshia mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake. Kwa hivyo kijana anayempiga mbwa mawe mtaani halafu akasema ni dini, dini hiyo hakuifundishwa na Mtume (SAW). Tumekatazwa kumfuga nyumbani bila haja, na tumeamrishwa kujitwahirisha naye. Hatukuamrishwa kumtesa.

KATIBA NAYO YASEMAJE?

Kifungu cha 8 kinasema Kenya haina dini ya dola. Maana yake ni kuwa hatuwezi kwenda kwa serikali tukasema: pigeni marufuku mbwa mikahawani kwa sababu Uislamu wasema ni najisi. Tukikubali mlango huo ufunguliwe, kesho ataingia mwengine naye aseme adhana inamsumbua, hijabu haimpendezi. Tumeshauona mlango huo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana wa Isiolo haki ya kuvaa hijabu shuleni. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu ile. Tulilia, na tukasema: kuwapo kwetu na mavazi yetu hakumpunguzii mtu chochote. Hoja hiyo lazima tuwe tayari kuisikia na upande wa pili. Tusiwe watu wa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini Katiba hiyo hiyo ina mambo ambayo ni yetu kabisa. Kifungu cha 32 kinasema hakuna atakayelazimishwa kutenda kinyume cha imani yake, wala kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini, na si kwa serikali peke yake, hata kwa mtu binafsi. Na kifungu cha 46, ambacho vijana wengi hawakijui, kinampa kila mteja haki ya kupata maelezo anayohitaji kuhusu huduma anayoilipia, na haki ya kulindwa afya yake.

Soma hicho cha 46 mara mbili. Mkahawa unaotumia sahani moja kwa wewe na kwa mbwa bila kukwambia umekunyima maelezo. Hapo huhitaji kumfundisha meneja fiqhi ya Imam Shafi. Unamwambia: mimi ni mteja, nina haki ya kujua.

TUNADAI NINI BASI?

Tazameni wengine wamefanyaje. Uingereza, mwenye mkahawa ana ruhusa ya kukaribisha mbwa sehemu ya kulia, mradi mnyama asifike panapotayarishwa chakula. Jimbo la California, Marekani, tangu Januari 2015 linaruhusu mbwa wa kufugwa kwenye sehemu za nje za mikahawa, lakini kwa masharti. Mbwa aingie kwa mlango wa nje, asipitie ndani. Awe amefungwa kamba. Asikae juu ya kiti. Mhudumu anayeshika chakula asimshike mbwa. Na akipewa maji au chakula, iwe kwa chombo cha kutumia mara moja na kutupa.

Sasa hebu fikiria. Waliotunga masharti hayo hawakuwa maulamaa. Walikuwa wakifikiria usafi tu, na wamefika karibu kabisa na pale tunapotaka kufika sisi. Hii inatuonyesha kuwa madai yetu si ya ajabu wala si ya watu wenye siasa kali.

Kwa hivyo tunadai haya:

1. Tangazo mlangoni. Mkahawa unaokaribisha mbwa uandike wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, kabla mtu hajaketi.

2. Sehemu mbalimbali. Mbwa awe nje, bustanini, na pabaki mahali ambapo mbwa hafiki. Kuna watu wengine pia wanaopahitaji mahali hapo: anayeogopa mbwa, mwenye mzio, mtoto aliyewahi kuumwa.

3. Vyombo mbalimbali. Sahani, bakuli na vijiko vya watu visitumiwe na mbwa. Hili halina mjadala.

4. Uthibitisho wa chanjo. Kichaa cha mbwa bado kinaua Kenya, na serikali yenyewe ina mpango wa 2014 hadi 2030 wa kukimaliza. Mbwa asiyechanjwa hana haki ya kuketi karibu na watoto wa watu wanaokula.

5. Neno "halali" liwe na maana. Mkahawa ukining'iniza cheti cha halali, umempa Muislamu ahadi. Nyama iliyochinjwa sawasawa haisaidii ikiletwa kwenye sahani iliyorambwa. Wanaotoa vyeti hivi waulize habari ya vyombo na mbwa kabla ya kuweka muhuri, na sisi wateja tuwaulize wao.

Hakuna hata moja katika haya linalomfungia mtu biashara au kumnyima mtu mbwa wake.

MBWA WA KAZI NI JAMBO JENGINE

Mbwa anayemuongoza mtu asiyeona si mnyama wa kuchezea. Ni macho ya mwenye macho yasiyofanya kazi. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa heshima. Muislamu akiwa na mkahawa, au akiendesha teksi, asimfukuze mtu huyo. Uingereza kumekuwa na madereva, Waislamu wakiwamo, waliofikishwa mahakamani kwa kuwakataa abiria wasioona kwa sababu ya mbwa wao, na wakatozwa faini. Huko si kutetea dini, ni kuidhalilisha. Huko huko Uingereza, mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimtengea mbwa wa kijana wa Kiislamu asiyeona mahali pa kupumzika karibu na mlango, baada ya fatwa ya maulamaa, ili kijana apate kuswali jamaa. Mbwa hakuingia panaposwaliwa, na kijana hakubaki nje. Kila mmoja alipata haki yake. Hiyo ndiyo fiqhi.

Mbwa wa usalama nao tumewazoea tangu Westgate, Septemba 2013. Wanazunguka magari kwenye milango ya mol, na ukipanda SGR Miritini au Syokimau unapanga mizigo kwa safu, unarudi nyuma, mbwa anapitishwa ananusa. Tunaulizwa: nikatae? Hapana. Ule ni ulinzi wa roho za watu, na roho yako imo. Kanzu na mswala viweke ndani ya begi, si juu. Ukiona pua yake imeacha unyevu, osha ile sehemu. Usipoona, endelea na safari. Lakini mbwa asipandishwe juu ya mtu kwa sababu ya ndevu zake au buibui lake. Mbwa anayenusa mizigo ya kila abiria ni usalama. Mbwa anayeletwa kwa Waislamu peke yao ni ubaguzi, na hapo kifungu cha 27 kinaingia kazini. Andika tarehe, saa na mahali, utuletee.

WEWE UNAYEFANYA KAZI HUMO

Tumelihifadhi hili mwisho kwa sababu ndilo linalouma zaidi. Mteja ana miguu, asipopapenda ataondoka. Weita hana pa kwenda. Vijana wengi wa Kiislamu wanahudumu kwenye mikahawa hii kwa mshahara wa kubangaiza, na siku moja anaambiwa: beba bakuli la mbwa, pangusa mate yake mezani, kama hutaki kuna wengine mia nje.

Ndugu yangu, dada yangu, kuosha najisi si haramu. Ni kazi kama ya muuguzi hospitalini. Uliza glavu, jitwahirishe, swali swala yako. Riziki yako ni halali inshaallah. Lakini ukiomba kwa heshima upangiwe sehemu nyengine ya mkahawa, ombi hilo ni la haki, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kukubagua kwa dini yako. Omba kwa maandishi. Weka nakala. Ukifutwa kwa sababu hiyo, usinyamaze ukarudi nyumbani kulia. Njoo.

Na sisi tulio upande wa wateja tujiulize: tunapoitisha mgomo wa mkahawa mtandaoni, ni nani anayekosa kazi kwanza? Mara nyingi si mwenye mkahawa. Ni huyu huyu.

Kwa hivyo ukikuta mbwa mezani, usianze na simu kurekodi. Anza na meneja. Muulize maswali matatu: mbwa wanakaa wapi, wanakula kwa chombo gani, na mbona hamkuandika mlangoni? Akikujibu vizuri, mshukuru, kisha amua mwenyewe utakaa au utaondoka. Akikutukana au akakwambia nenda kwenu Somalia ukale, hapo si suala la mbwa tena. Ni suala la uraia wako, na hilo hatuliachi.

Heshima tunayoitaka kwa dini yetu tutaipata kwa kuijua vizuri dini na kwa kuijua vizuri sheria. Anayepiga kelele bila hayo mawili anawapa nguvu wanaotudharau.

Mshirikishe mwenzako ujumbe huu, hasa anayefanya kazi mkahawani. Mwenyezi Mungu atupe hekima ya kudai haki bila kudhulumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.