"Kompyuta imesema" si jibu: kagua orodha ya kilo kabla lori halijaja

Leo tuache kidogo mbolea na viwavijeshi. Tuzungumzie orodha ya mauzo, maana huko nako kilo zinapotea.

Kikundi kimoja ninachokihudumia huku juu Ufipa kilikubaliana kwamba lori likija, mwenye kilo nyingi za mahindi apakie kwanza. Katibu akaingiza majina kwenye Excel, akaiamuru ipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, akasoma mbele ya watu. Kilo zilijipanga hivi: 90, 85, 400, 2300, 150, 1200. Mama mwenye kilo 2300 akawa wa nne, nyuma ya mwenye kilo 85! Alipouliza, akajibiwa: "Kompyuta imesema."

Kosa lilianzia kwangu. Mimi ndiye niliyemwelekeza katibu aweke jedwali zima katika mfumo wa maandishi, ili sifuri ya mwanzo ya namba za simu isifutike. Sifuri zikabaki kweli, lakini kilo nazo zikageuka maandishi. Kompyuta hupanga maandishi kama kamusi inavyopanga maneno: inaangalia alama ya kwanza, zikilingana inakwenda ya pili. Kwa hiyo tisa ya 90 ikaishinda mbili ya 2300.

Wewe mfanyabiashara, hasara yako iko kwenye jumla. Tuseme katibu ameandika 1200, 2300, halafu "kilo 400". Ukijumlisha kwa SUM unapata 3500, si 3900. Kompyuta inairuka ile ya tatu bila kukuambia. Utakodi gari kwa hesabu pungufu, na magunia ya mtu yabaki barabarani.

Ushauri wangu ni huu:

1. Kwenye safu ya kilo andika tarakimu tupu. Neno "kilo" liwekwe juu kwenye kichwa cha safu, mara moja tu. Gunia nazo zipewe safu yake.

2. Namba ya simu na namba ya mwanachama ziache kama maandishi. Hizo hazijumlishwi, ni kama majina.

3. Angalia zilivyokaa. Kama hujabadilisha mpangilio, namba halisi huegemea kulia kwa seli na maandishi huegemea kushoto. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli mara nyingi ni onyo la jambo hilihili.

4. Kama zimeshaharibika, futa kwanza maneno yote kwenye safu ya kilo. Kisha, ikiwa kilo ziko safu ya C, nenda kwenye safu tupu ya pembeni iliyo katika mfumo wa kawaida, andika =VALUE(C2), ushushe hadi mwisho. Panga upya jedwali zima kwa safu hiyo mpya, siyo safu moja peke yake, la sivyo kilo zitahamia kwa majina ya watu wengine. Ukiona #VALUE! ujue kuna herufi imebaki, labda O imeandikwa mahali pa sifuri. Sahihisha ukiwa na daftari la mizani mkononi.

5. Daftari la mizani lisitupwe. Orodha ikibishaniwa, daftari ndilo shahidi.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya katibu, mkulima hayamhusu. Mimi sikubaliani nao. Tumepiga kelele miaka mingi kuhusu lumbesa, tukadai mazao yapimwe kwa mizani. Haina maana kilo iliyopona kwenye mizani ikafie kwenye orodha. Huhitaji kujua kompyuta ili ujue kwamba 2300 ni kubwa kuliko 85. Omba orodha isomwe kwa sauti, taja kilo zako, na uliza pale panapokutia shaka. Katibu mwema hatachukia. Ataokolewa na aibu.

Yule mama alipakia wa kwanza, baada ya kusimama na kusema hapana. Hakuwahi kushika kompyuta, ila kilo zake alizijua.

Kama jedwali la kikundi chenu linawasumbua, njooni nalo ofisini pamoja na daftari lenu. Tutalipitia pamoja, mstari kwa mstari.