Mtindo Mpya Upewe Namba Yake

Tangu mwaka 2022, Kenya ilipoidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu za kompyuta shuleni, kijana wa Kimulot hana tena sababu ya kuudhani ufundi huu kuwa mali ya watu wa mbali. Basi na asikie mapema habari ya ugomvi mmoja uliomo ndani yake, achague upande. Mimi nimekwisha kuchagua wangu, wala siufichi.

Programu huandikwa kwa mistari, na mistari hiyo yaweza kupangwa kwa namna nyingi bila ya maana yake kubadilika. Huyu huacha nafasi mbili mwanzoni mwa mstari, yule huacha nne. Huyu hukata mstari mrefu mapema, yule huuacha utambae hadi ukingoni. Zamani waandishi waliteta juu ya mambo haya kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Ili kukata mateto, vilitengenezwa vyombo vya kupanga mistari: lugha ya Go ina gofmt, Rust ina rustfmt, na wengi wa Python hutumia Black. Mwandishi huandika apendavyo, chombo hupanga kiamuavyo, na watu wakaendelea na kazi.

Hapo hapana neno. Ubaya huanza siku chombo kinapobadili rai yake. Fikiri, msomaji, programu ya mistari 10,000 iliyoandikwa na watu 20. Asubuhi mmoja wao apata toleo jipya la chombo. Jioni mistari 3,000 imepangwa upya, wala hapana hata mmoja uliopata maana mpya. Git, daftari ambamo kila badiliko huwekwa pamoja na jina la aliyelifanya, sasa yasema kuwa mistari ile ni yake. Atafutaye aliyeandika hesabu yenye kosa humkuta mtu asiyehusika. Kesho yake mwenziwe, aliye bado na chombo cha zamani, airudisha mistari ilikotoka. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 Git yaweza kuambiwa iyaruke mabadiliko ya namna hii. Lakini kupata dawa ya jeraha si ruhusa ya kuendelea kujikata.

Nasema hivi: mtindo uwe na namba yake, mbali na namba ya chombo. Chombo kipya kikikuta programu iliyotaja mtindo wa zamani, kiipange kwa mtindo huo huo, mpaka wenyewe watakapoamua kuhama.

Mkulima wa Kimulot aweza kulielewa jambo hili kabla ya mwenye kompyuta. Watafiti wa chai wa Kericho walipotoa miche, kila aina ilipewa namba: 6/8, 31/8, na chai ya zambarau iliyotolewa mwaka 2011 ikapewa 306. Ilipokuja hiyo ya zambarau, hapana aliyeamka akakuta majani ya 6/8 yamegeuka rangi usiku. Atakaye mpya hupanda mpya, katika kipande alichokichagua mwenyewe, na ya zamani huendelea kuchumwa majani mawili na chipukizi. Hata kupogoa, mwenye akili hapogoi shamba zima siku moja. Atapeleka nini kiwandani?

Wapinzani wetu si wajinga. Husema kuwa namba zitazidisha mitindo, na mateto yaliyozikwa yatafufuka. Kisha hutaja gofmt, yenye mtindo mmoja usio na hiari. Nawajibu kuwa hata gofmt haikusimama mahali pamoja. Agosti 2022, ilipotoka Go 1.19, ilianza kupanga upya maelezo yanayoandikwa juu ya sehemu za programu. Mtindo ulibadilika, jina ndilo halikubadilika. Na anayechagua namba hachagui nafasi mbili au nne. Achagua mwaka tu.

Wengine husema, asiyetaka mtindo mpya na abaki na chombo cha zamani. Shauri hili ni baya zaidi. Lugha hukua: Oktoba 2021 Python ilipata neno match, na chombo kilichotengenezwa kabla ya hapo hakiwezi kulisoma. Kumlazimisha mtu achague baina ya chombo kipofu na daftari lililovurugwa ni dhuluma. Black imejitahidi, maana mtindo wake imara haubadilishwi ila mara moja kwa mwaka, mwezi Januari; lakini kujua siku ya mafuriko si sawa na kuwa na mlima wa kukimbilia.

Februari 2025 lugha mbili zilitenda ninavyotaka. Dart 3.7 ilileta mtindo mpya, ikaziachia programu za lugha ya 3.6 na za kabla yake mtindo wao. Kasoro yake ni kuufunga mtindo na lugha: utakaye maneno mapya, huna budi kupokea na sura mpya. Rust 1.85 ilivitenga viwili hivyo. Mtindo wake wa 2024 hupanga majina yenye tarakimu 8, 16, 32, 64, kama mtoto ahesabuvyo, ambapo ule wa kwanza uliyapanga 16, 32, 64, 8. Mpya ni bora, nakiri. Hata hivyo mwenye programu ya zamani huandika katika faili ya rustfmt.toml mstari mmoja, style_edition = "2021", na programu yake hubaki na mpango wake, ingawa chombo kimetoka jana.