NYUMBA NA JAMAA: Baraza la Vioo Lisilokaliwa



Mwezi huu twapenda kusema juu ya chumba kimoja ambacho katika nyumba nyingine za Mbeya na Iringa hufungwa mwaka mzima. Ni lile baraza la mbele lililozungushiwa vioo. Lilijengwa kwa gharama, nalo hupendeza machoni pa wapitao njiani. Lakini ndani mna viti vilivyovunjika miguu, magunia matupu, na baiskeli isiyo na magurudumu. Ukimwuliza mwenye nyumba, atajibu kwamba mchana ni tanuru, na usiku ni kisima cha maji baridi. Na huku watoto wanasoma jikoni katika moshi, na bibi mzee analala penye unyevu, kwa sababu nafasi haitoshi. Basi twasema wazi: nafasi ipo. Linalokosekana ni kuijua tabia ya kioo.

Asili ya chumba cha namna hii si kwetu. Watu wa Ulaya walizijenga nyumba za vioo kwanza kwa ajili ya miti, wala si kwa ajili ya watu, ili michungwa na maua ya nchi za joto yasife kwa theluji. Kule Uingereza kodi ya vioo ilifutwa mwaka 1845, vioo vikapungua bei. Na mwaka 1851 Joseph Paxton, mtu aliyekuwa mtunza bustani, alijengesha mjini London nyumba kubwa mno ya chuma na vioo kwa maonyesho ya mataifa. Baadaye chumba cha vioo kikawa pambo la nyumba za watu wenye mali. Huku kwetu kilizaliwa kwa njia nyingine: baraza lilikuwa wazi, upepo wa Juni ukawa mkali, wenye nyumba wakaliziba kwa vioo.

Wazee wetu walishindana na baridi kwa njia yao. Wahehe walijenga tembe, nyumba ndefu yenye paa la udongo na kuta nene. Joto la mchana likakaa ukutani hata usiku. Kioo ni kinyume chake. Mwanga wa jua hupita, hugeuka kuwa joto sakafuni na ukutani, na joto hilo halipati njia ya kutoka upesi. Ndiyo sababu ya tanuru la mchana. Jua likishuka, kioo chembamba hakiwezi kulizuia joto, na mji wa Mbeya ulio juu ya bahari mita 1,700 hivi, na Iringa mita 1,600 hivi, hupoa upesi. Paa la bati nalo huzidisha mambo yote mawili. Tembe lilikuwa na joto bila mwanga. Baraza la vioo lina mwanga bila joto la kudumu. Kazi yetu ni kuviunganisha.

Kwanza, tazama vioo vimekabili upande gani. Nchi yetu iko kusini ya ikweta. Kwa hiyo katika Juni na Julai, miezi ya baridi, jua la adhuhuri huelekea kaskazini. Baraza linalotazama kaskazini hupata jua wakati lihitajiwapo sana, na katika Desemba jua la adhuhuri huelekea kusini, vioo vikakaa kivulini. Hilo ni baraza lenye baraka. Linalotazama mashariki hufaa kwa mzee apendaye kuota jua la asubuhi. Linalotazama magharibi huchoma alasiri. Linalotazama kusini halipati jua la adhuhuri katika miezi ya baridi. Mzee asiwekwe humo, bali litumike kwa kushona, kusomea mchana, au kuweka vyakula vikavu.

Pili, tia dari chini ya bati. Mbao ni njema. Asiyeziweza na asuke mianzi, ambayo nchi ya Rungwe inayo tele. Acha nafasi ya hewa kati ya dari na bati. Hivyo joto la mchana hupungua, na yale matone ya alfajiri yatokayo kwenye bati hayataloanisha kitanda.

Tatu, kivuli na kiwe nje ya kioo. Pazia la ndani hulikamata jua lililokwisha kuingia, na joto hubaki chumbani. Afadhali upenu wa nyasi, au mpasheni uliopandishwa juu ya fito. Kwa usiku lakini pazia zito la ndani lafaa sana, likishuka hata sakafuni.

Nne, walau madirisha mawili yafunguke, moja upande huu na moja upande ule, ili upepo upite. Tena mlango wa kutokea usizibwe kwa vitu wala usifungwe kwa kufuli usiku watu wakiwa ndani.

Hapa twasimama kidogo, kwa maana ni jambo la uhai. Wengi, wakiisha kuziba nyufa zote, huingiza jiko la makaa ili walale na joto. Msifanye hivyo kamwe. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia, asiamke. Kadiri chumba kilivyozibwa vizuri, ndivyo kinavyoua upesi. Si kweli kwamba makaa yasiyo na moshi hayana hatari. Kupasha joto kuwe kwa blanketi, kwa mkeka mzito chini ya godoro, na kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vema na kuviringishwa kitambaa. Na mgonjwa aliyekohoa majuma mawili asifichwe katika chumba kipya, bali apelekwe hospitali apimwe kifua kikuu.

Je, chumba kikiisha kutengenezwa, ni cha nani? Hapa ndipo nyumba nyingi hujikwaa. Baba hutaka kiwe cha wageni wakubwa, na mgeni mkubwa huja mara moja kwa mwaka. Twakumbuka yule mwanamke wa Shunemu aliyemtengenezea Elisha chumba kidogo: kitanda, meza, kiti na taa, basi. Hakutengeneza pambo, alitazama haja ya mtu aliyepita mlangoni pake. Wenye nyumba na wakae pamoja, mume na mke, waulizane: katika nyumba yetu ni nani asiye na mahali? Kama ni bibi, chumba ni chake. Kama ni watoto wenye mitihani, iwekwe meza moja ndefu na taa. Mwalimu aliye na wanafunzi majirani wasio na mwanga kwao, awafungulie jioni.

Wala tusidharau kitu cha zamani. Pale Iringa mjini, Boma lililojengwa zamani za Wadachi lilikuwa ofisi za serikali kwa miaka mingi. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho, na leo watoto wa shule huingia kujifunza habari za nchi yao. Kuta ni zile zile. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Basi, wapenzi, mali tuliyopewa si yetu kuifungia. Sisi tu mawakili. Jumamosi ijayo toeni magunia, fagieni, ufungueni mlango ule, mkasimame ndani asubuhi, adhuhuri na jioni, mkaangalie jua linaingiaje. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutasema juu ya jiko lisilojaza nyumba moshi.