Lacock ina wenyewe

Mwandishi, hapo uliposema Lacock, kile kijiji cha Uingereza, ni cha maonyesho tu, nakataa. Mwaka juzi nilikwenda na shangazi tukitokea Bath; tukakuta nguo zimeanikwa uani na watoto wanaendesha baiskeli. Watu wanaishi mle, wengi wapangaji wa shirika la uhifadhi la National Trust, iliyokabidhiwa kijiji mwaka 1944. Nanyi mnaouliza kuna nini zaidi ya nyumba kuukuu, msiishie mitaani, ingieni ile abasia iliyoanzishwa 1232. Dirisha lake moja ndilo Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alilolipiga picha mwaka 1835, na negativu yake ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia. Shangazi alilitazama weee, kisha akasema, “Kumbe picha zetu za harusi zilianzia hapa!”