Soketi ya Gari Kwenye Pikipiki

Ewe mwenye bodaboda ambaye taa yako huzimika kila mvua inaponyesha, usikimbilie kulaumu betri. Mara nyingi kosa ni la waya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Maji hupenya, shaba ikaota kutu ya kijani, na giza likakufumania kwenye kona ukiwa na abiria wawili (ingawa sheria inakuruhusu mmoja tu!).

Kule Grogan, Nairobi, wauzaji wa vipuri vikuukuu wana soketi za magari. Lakini usichukue yoyote tu. Zilizong'olewa chini ya dashibodi hazikuundwa kustahimili mvua. Itisha za chini ya boneti, zenye mipira ya kuzuia maji.

Soketi haitalemewa, kwani taa ya pikipiki ya wati 35 hula takriban ampea 3, ilhali ya gari ya wati 55 hula karibu 5. Taabu ni waya wa pikipiki: ni mwembamba, hivyo pini na mpira wa gari huenda visiukamate. Fundi atafute vinavyoutosha, abane kwa koleo la pini, kisha auvute kwa nguvu. Ukichomoka, aanze upya.